Kona

Stima imekatika Bombolulu nzima tangu magharibi.
Mwanaidi kalala juu ya daftari, kalamu mdomoni.
"Baba, nimezitafuta hizo namba mbili hadi macho yawasha."

Mimi kidato cha tatu sikukifika.
Darasa langu ni sakafu:
magoti, saruji, kamba na pimamaji.
"Nisomee," nikamwambia, "kama oda ya tajiri."
Akasoma: eksi mara eksi, jumlisha eksi sita,
ni sawa na arobaini.

Nikamwaga vigae vilivyobaki kazi ya Nyali.
"Eksi mara eksi ni mraba huu, upana wake hatujaujua.
Eksi sita ni vipande sita, vyembamba,
urefu wavyo ni ule ule wa mraba.
Fundi mbovu huvibandika vyote upande mmoja,
chumba kikawa ushoroba.
Gawa. Vitatu ubavuni, vitatu chini."

Tochi ya simu ikatikisika mkononi mwake.
Kwenye kona pana shimo,
tatu kwa tatu,
kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza.

"Tisa," akanong'ona.

"Tisa. Lakini vigae haviokotwi.
Ukitia tisa huku, katie tisa na kule,
la sivyo umemwibia mwenye nyumba."

Arobaini na tisa. Hakuningoja:
saba! Upande ni saba, toa tatu, eksi ni nne!
Kaandika kwa kasi hata karatasi ikachanika.

Kisha kimya.
"Baba, kuna jibu jingine.
Hasi saba nayo, ukiizidisha kwa nafsi yake,
yazaa arobaini na tisa.
Eksi ni hasi kumi."

Miaka ishirini na sita napiga magoti mji huu,
Kizingo mpaka Changamwe,
sijatandika chumba cha hasi kumi.
"Futa."
"Mwalimu Katana hukata maksi ukifuta."

Tukaiacha, chini ya nne,
na kile kistari chake mbele.
Alipolala nikakitazama sana.
Kwenye daftari la dukani kwa Bawazir
ukurasa wangu umejaa vistari kama hicho.
Hiyo hasi kumi naijua.
Nimeshalala ndani yake, na watoto.

Vigae sikuvizoa.
Alfajiri mamake alijikwaa pale konani,
akauliza ni nani aliyejenga gizani.