Muhtasari wa Jumanne, Kaunti ya Lindaas, Dakota Kaskazini

Ajenda ya tatu: daraja la Kijito cha Mierebi.
Malori yazidiyo tani tano yasivuke
mpaka barafu iyeyuke. Imepita.
Ajenda ya nne: mbwa bustanini wafungwe kamba.
Imepita, ingawa Halvor Tveit alinung'unika
kwamba mbwa wake ana adabu kushinda madiwani.
Hilo sikuliandika.

Ajenda ya tano: bembea ya chuma, imeshika kutu, ing'olewe.
Bibi Solveig Skaar akapewa dakika tatu.
Moja akaimaliza akivua glavu.
Akasema: mume wangu aliendesha greda ya kaunti
miaka thelathini na mmoja,
akiwazolea theluji milangoni mwenu;
bembea ile aliichomelea usiku,
kwa vyuma vya greda iliyokufa.
Kisha akanyamaza,
saa ya ukutani ikala dakika iliyobaki.

Mwenyekiti akauliza: nani anaunga mkono?
Mikono ikabaki mezani
kama mikate iliyokataa kuumuka.

Nimetafuta kwenye fomu mahali pa kuandika kimya.
Hakuna.
Nimeandika: imeahirishwa.
Nje theluji inaanguka upya
juu ya barabara ya ajenda ya sita,
ambayo hatukuifikia.