Kata Hapa

Saa kumi na moja unusu, Donholm, na tokeni zimekwisha.
Nimeng'ata simu ili tochi imulike sufuria,
kwa hiyo meno, chombo changu cha kila siku, hayapo kazini.
Mkononi nina pakiti ya maziwa.
Pembeni pamechorwa vidoti, na kamkasi kadogo kama mdudu,
na maneno mawili ya heshima: KATA HAPA.

Kwa nini, ndugu yangu? Kwa kucha?
Mkasi uko kwa mama Bosibori, ghorofa ya tatu, tangu Jamhuri.
Kisu changu, ambacho hata nyanya hukibembeleza,
kinateleza juu ya plastiki hii kama mwanasiasa juu ya swali.
Navuta. Inanyooka.
Navuta tena, inazidi kunyooka, nyembamba, nyeupe,
kisha bila taarifa inaachia kote kwa pamoja:
nusu sufuriani, nusu kwenye sweta ya shule
ya Ongeri, aliyekuja kuulizia soksi.

Wewe uliyechora vidoti hivi, ulikuwa umekaa wapi?
Naona kiti kinachozunguka,
na kikombe cha chai iliyopikwa na mtu mwingine.
Unga wenu nikiufungua juu unapasuka chini,
na miguu yangu inakuwa ya mzimu mpaka jioni.
Kale kapakiti ka tomato, chipsi za River Road,
kalinirukia shati jeupe siku ya usaili;
nilijibu maswali yote mkono kifuani, kama mzalendo.
Na ule mkebe wa samaki: pete ilikatika,
ikabaki kidoleni, kifuniko kikabaki kilivyo.
Nimechumbiwa na samaki
na hatujaonana.

Nageuka kutoka kupiga deki, Mama yuko mlangoni.
Amekuja kutoka Nyamira kupimwa macho.
Miaka thelathini na minane alichuma chai,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
vidole vikitangulia macho,
mpaka karani wa mizani akamwita Cherehani.
Leo viungo vya vidole hivyo vimevimba kama tangawizi.
Amechukua pakiti ya majani, ameikalisha mapajani,
anaipapasa kingo zote nne
jinsi mtu anavyompapasa kuku kujua kama ana yai.
Nanyoosha mkono; ananizuia.
Anajaribu ukucha. Anajaribu jino la upande,
lile moja la kutegemewa.
Kisha anaiweka mezani, taratibu, kama anarudisha deni.
"Hii chai," anasema,
"nilipoiachia mimi ilikuwa wazi."

Ningecheka, lakini simu bado iko mdomoni.
Namulika yale maandishi, nayasoma upya,
na hapo ndipo ninapoliona kosa:
mchapaji alisahau *a* moja.
Lilikuwa KATAA HAPA.
Na kweli pakiti imetii.

Tumeitoboa kwa ufunguo wa mlango.
Sasa haifungiki. Hakuna aliyewaza kule kwenye kiti
kwamba majani haya ni ya kesho pia, na ya Jumapili.
Nimeyabana kwa kibanio cha nguo,
na kambani soksi ya Ongeri inajishikilia yenyewe.

Chai imeiva, nyeusi kuliko nilivyotaka,
maana maziwa mengine yamekwenda shule.
Mama anapuliza, anakunywa, anasita katikati ya funda.
Anatoa ulimini kipande cha plastiki,
pembetatu ndogo, anakilaza ukingoni mwa kisahani.
Kina maandishi. Ananisogezea nimsomee.
"Hapa," namwambia.
"Hapa wapi?" anauliza,
na anainamisha kikombe kwenye mwanga
kutafuta kama kuna vingine.