Buluu ya Ndahani

Penseli za rangi zilikwisha tangu Sabasaba.
Imebaki ya kahawia, fupi kama kipande cha sigara,
na nani hapa Hombolo anahitaji penseli ya kahawia?
Fungua mlango tu, kahawia inaingia yenyewe,
inakaa kwenye maji ya kunywa na kwenye nyusi.

Basi nikawaambia: leo hatununui rangi, tunapika.
Sechelela, kakwangue masizi ya sufuria, nje, si ndani.
Nhonya, udongo wa kichuguu,
ule mwekundu ambao mbuzi hawajaufikia.
Manjano tulikopa dukani kwa mama Chiduo.
Akauliza, "Leo mna mchuzi gani?"
Nikamjibu, tunapika jua.
Akaandika daftarini: *jua, mia mbili.*

Karatasi ni mfuko wa saruji wa mafundi wa darasa jipya,
tumeukung'uta mpaka kuku wakapiga chafya.
Gundi ni utomvu wa mgunga, umelala majini tangu jana.
Brashi ni kijiti cha mswaki, kitafune ncha ilainike;
Nhonya alitafuna viwili, kimoja hatujui kilikoishia.

Udongo unachujwa hivi: koroga, subiri, mwaga mchanga,
koroga tena, subiri tena,
mpaka kitakachotua chini kiwe laini kama uji wa mtoto.
Kusubiri ndiko kugumu. Kidole cha mtu kilikuwa humo kila nikigeuka.

Ndahani peke yake hajagusa kitu.
Amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwenyekiti wa kijiji.
"Mimi nataka buluu."
Ya nini?
"Ya kanga ya mama. Aliyokwenda nayo Mvumi."

Wiki ya tatu hiyo, hospitali.

Nikaanza kuhesabu buluu zetu.
Ya angani ipo tele, Agosti hii haina hata wingu,
lakini haikwanguliki.
Kifuniko cha dumu hakisagiki.
Buluu ya kufulia, mama Chiduo hajaileta
tangu watu wazoee sabuni ya unga.
Nikachemsha maganda ya zabibu, yale ya kukamuliwa,
yakatoa maji mazito, mazuri, hata mimi nikajisifu.
Ndahani akachungulia.
"Hiyo zambarau."
Hana huruma. Ana miaka sita.

Sasa Nhonya, katika kunawa masizi,
akalipiga kumbo bakuli la maji ya majivu,
yale niliyochuja kwa ajili ya mlenda wa jioni,
yote, chubwi, ndani ya zabibu.
Nilifungua mdomo nigombe.
Mdomo ukabaki wazi.

Zambarau ilisita. Ikawa kijivu, shingo ya njiwa,
halafu, polepole, kama mtu anayekumbuka jina,
ikawa buluu.
Si ya angani. Si ya dumu.
Buluu ya kanga iliyofuliwa miaka,
iliyobeba watoto watatu, iliyoanikwa juu ya miiba.
Sechelela akataka kujaribu tone la ndimu;
Ndahani akalikumbatia bakuli, akageukia ukuta.

Alichora hadi giza. Mama, kichwa kikubwa, miguu miwili ya masizi,
na kanga pana kuliko nyumba.

Mlenda wetu usiku ule ulikuwa mgumu. Tukaula.

Asubuhi niliamka kabla yao,
nikaukuta mfuko wa saruji ukutani
na kanga imegeuka. Buluu imekwenda zake,
imeacha rangi ya udongo, ya barabara.
Nilitafuta maneno. Niliwaza kuuficha, niseme upepo.
Lakini Ndahani alikwisha simama nyuma yangu,
anakuna tumbo, anautazama.

"Ee," alisema. "Kumbe ameshaondoka Mvumi.
Ona, vumbi la njiani limempata."

Akaenda kumtekea maji ya kuoga.