Chujio

Siki vikombe viwili,
maji ya digrii tisini,
ngoma tupu ikajizungukia asubuhi nzima.

Sasa Graciete yu magotini, jikoni Matosinhos,
mswaki mkuukuu mkononi,
anafunua mkunjo wa mpira wa mlangoni:
ukungu mweusi, utelezi wa sabuni,
magamba ya dagaa wa kiwandani
yaliyoganda humo tangu Belmiro hajastaafu.

"Nguo zatoka zikinuka kuliko zilivyoingia,"
hulalama Belmiro,
kana kwamba dagaa walikuja kwa miguu yao.

Kwenye chujio, kibanio cha nywele.
Chekundu.
Si chake.

Akakisuuza,
akakilaza juu ya gazeti la mumewe,
palepale aliposoma kufikia,
kisha akauacha mlango wa mashine wazi,
upepo upite,
isije ikavunda tena.