Matumbo Matatu

Nakinoa kisu kwenye sakafu ya Mwaloni, Kirumba,
kabla mizani haijatundikwa.
Sangara wa kilo arobaini amelala ubavu,
jicho lake kama kifungo cha koti la marehemu.
Kabla ya kumpasua huwa nakumbuka vitabu viwili
na kimoja ambacho hakikuandikwa.

Baba, Msabato wa Igoma,
alitusomea Yona Ijumaa jua likizama:
mtu katumwa mashariki, akakata tikiti ya magharibi,
akalala chini ya meli, dhoruba ikimtafuta.
Baba alipenda mwisho wake,
nabii kakaa juani, kanuna,
mmea wake umeliwa na buu,
na Mungu anamuuliza kuhusu watu wa mji, na ng'ombe wao,
na kitabu kinafungwa pasipo jibu.
"Msukuma angejibu," baba alisema.
"Angejibu upesi, kwa ajili ya ng'ombe."

Mama ni wa Ujiji. Kwake ni Yunus,
na alimsimulia kwa sauti ya chini,
kama asiyetaka kuamsha mtoto.
Meli aliipita haraka.
Alikawia kwenye giza: la usiku, la maji, la tumbo,
giza juu ya giza, kama mablanketi ya wodini,
na humo ndani mtu anakiri kosa ni lake.
Basi. Hana hoja, hanuni.
Anatupwa ufukweni mgonjwa, ngozi ya kifaranga,
na mmea wa maboga unamfunika.

Kwa baba mmea ni somo. Kwa mama ni dawa.
Walibishania mmea ule masika nzima,
hadi mama akapanda maboga nyuma ya choo
tukala sote.

Bibi Ng'washi, ambaye hakubatizwa wala hakusilimu,
alisikiliza akichambua choroko, akacheka kwa pua.
"Samaki wenu kameza mtu mmoja tu?"
Zimwi lake lilimeza nchi,
watu, mbwa, ng'ombe, jogoo katikati ya kuwika.
Akabaki mwanamke mja mzito, kwenye rundo la pumba.
Mtoto akakua, akauliza: watu wako wapi?
Akaleta panzi. Ndiye huyu? Siye, mwanangu.
Akaleta swala. Siye.
Siku alipolipata akalipasua,
wakatoka wote wakipepesa macho,
ila kisu kiliteleza, kikakata sikio la kikongwe,
na kikongwe hakushukuru. Alidai sikio lake.

Kijana mmoja wa chuo, Malimbe, aliniambia
ni hadithi moja, imevaa nguo tatu.
Nikamwonyesha beseni: furu, sato, sangara.
Wote wana mapezi, nikamwambia. Kawapike sufuria moja uone.
Wa baba alimezwa akikimbia.
Wa mama namjua kwa alichosema humo ndani.
Wa bibi hawakukosa lolote.
Walimezwa tu, asubuhi, wakiwa na shughuli zao.

Nkwabi, mdogo wangu, alitoka Kayenze
usiku usio na mwezi, na taa nne za dagaa.
Tuliookota ni taa tatu.
Mchungaji akaja na lake, maalimu na lake.
Bibi, macho yakiwa yameshaingia ukungu,
alinivuta mkono, akauliza:
"Kisu chako kikali?"

Najua sangara hamezi mtu.
Nilifika kidato cha nne.
Matumboni nakuta furu, kizibo cha soda,
mara moja ndala ya mtoto, ya kushoto.
Wenzangu wanapasua kwa mkupuo mmoja, wanalipwa kwa kilo,
wananiita Konokono.

Naingiza ncha chini ya pezi.
Nasimama. Nasikiliza kidogo.
Kisha navuta polepole, kwa juujuu,
nisije nikakata sikio.