Kabla ya Mdomo Kuota

Mistari minne umeongeza, Lemayian, miwili umefuta.
Nimeisoma tangu saa tatu usiku, hapa Ngara, ghorofa ya nne.
Chai imeshika utando.
Bodi imelala juu ya gazeti la Jumapili,
waya wake mmoja tu umeingia kwangu.

Unataka kitatuzi kiamke mapema,
kabla ya diski, kabla ya mtandao,
kiini kikifumbua jicho kikute mkono begani:
simama, nikuulize.
Nakubali. Mficha maradhi tunajua humuumbua nini,
na mengi ya mashine ni maradhi ya uchangani.

Lakini tazama mstari wa mia mbili kumi na saba.
Umemsimamisha kabla konsoli haijasajiliwa.
Aulizwe kwa mdomo upi?

Chini langoni Ekidor ana daftari la wageni.
Wiki jana kalamu yake ilikauka.
Hakumruhusu mtu, hakumfukuza mtu:
fundi wa mabomba, kijana wa gesi, mimi na sukuma wiki yangu,
tulisimama mvuani tukitazamana
hadi mtoto wa jirani akateremka na penseli.
Ndivyo ulivyoandika.
Nia sina neno nayo.

Nimeiwasha mara kumi na moja.
Kumi ilipita salama, ndiyo maana huko Rongai hukuiona.
Ya kumi na moja, kimya.
Kimya, wala haijafa: taa ya kijani inawaka,
tokeni zangu za stima zinaliwa,
nami na mashine tunangojana,
kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake.
Nimewahi kukaa hivyo na mtu, meza moja, miaka miwili.
Hilo usilijibu.

Basi: angalia kwanza kama konsoli ipo.
Kama haipo, weka kibendera, pita,
usimame ukisikia imefunguka.
Tutapoteza hitilafu za ile nusu sekunde ya mwanzo.
Iseme wazi kwenye maelezo, kwa sentensi nzima,
atakayekuja baadaye asidhani hatukuona.
Na jina la kigezo liache lilivyo.
Kuna mtu Eneo la Viwanda, simjui,
analichapa kwa vidole vyenye grisi kila mtambo ukigoma.

Saa saba kasoro. Honi langoni.
Ekidor anaandika, namwona kwa tochi yake.

Jina langu sijaliweka chini ya kazi yako.
Nitumie toleo la tatu, niko macho.
Halafu, kwenye maelezo,
neno «kabla» umeliandika «kalba».