Asilimia Sabini na Moja

Dada Nyanzala aliniandikia: njoo, mdogo wangu, mashine zinaumwa.
Ya sebuleni inajifungulia vidirisha usiku,
inawauzia mapacha viatu, mikopo, dawa ya kunenepa,
na mwanamke tusiyemjua anacheka katikati ya hesabu za asali.
Nikapanda basi kutoka Urambo, flashi mbili mfukoni.
Sikumwambia mtu.
Shemeji Kapalatu alikuwa stendi, soda ya baridi mkononi.

Sikulifikiria hilo. Kiu ilikuwa nyingi,
na vumbi la Isevya lilishanitangulia kooni.

Nikaanza na ile ya sebuleni, ya mnada wa chama cha tumbaku,
namba ya ghala bado imechorwa ubavuni.
Kulwa akakiri kabla sijauliza: alipakua muziki wa bure.
Doto akakiri nusu: mitihani ya zamani
(nusu ya pili: na majibu yake).
Bure, wanangu, ina bei,
ila huilipi dukani. Inakufuata nyumbani na daftari lake.

Nikachomoa modemu kwanza.
Baba alipokwenda kurina alijua upepo unatoka wapi
kabla hajawasha moshi.
Kisha nikaziita moja moja:
kitafutaji ambacho hakikumtafutia mtu chochote,
kiongeza kasi kilichoifanya mashine itambae,
kitabiri cha hewa kilichotangaza theluji, Tabora, mwezi wa tisa.
Futa.
Una uhakika?
Ninao.
Nyingine zilirudi kila nikiwasha upya, kama siafu
wanaolijua tundu la jiko kuliko mwenye nyumba.
Saa nane, asilimia sabini na moja, umeme ukakatika.
Mapacha wakaguna kama mpira umegonga mwamba.
Tukala ugali na mlenda wa karanga, gizani mchana,
madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto,
umeme uliporudi tukaanza tena kutoka sifuri.

Jioni nikaifikia ya dada.
Ndogo, ya kukunja, herufi N imefutika kwa kuguswa.
Humo hamkuwa na kelele, na ukimya huo ndio ulionitisha.
Programu moja tu, imejibanza nyuma ya saa,
haikuja na muziki, haikuja na mtihani.
Iliwekwa kwa mkono, tarehe tisa mwezi wa tatu, saa tano usiku,
na mtu aliyelijua nenosiri.
Kazi yake kuandika kila kilichoandikwa.
Nikafungua:
madebe kumi na mawili, Mama Kalunde bado anadaiwa,
barua kwa mwalimu wa Doto,
sala aliyoianza na kuiacha kwenye mkato,
na chini kabisa,
njoo, mdogo wangu, mashine zinaumwa.

Ladha ya soda ikanirudi mdomoni.

Shemeji alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga,
maganda yanarundikana juu ya kiatu chake, hayapangusi.
Redio ilisoma bei ya tumbaku, daraja kwa daraja,
nasi sote tukaisikiliza kama wakulima.
Nikamwita dada. Nikamwonyesha kwa kidole, bila kutaja jina.
Alisoma. Alisoma mpaka penye sala,
hapo akaacha kusoma.
Akanisogeza kwa bega, taratibu, akakaa yeye.
Una uhakika?
Mashine ilimuuliza kama ilivyoniuliza mimi mchana kutwa,
nami sijapata kuona swali likikaa kwenye kioo
muda mrefu namna ile.
Akabofya.

"Imepona?" shemeji akauliza, macho kwenye karanga.
"Mashine," nikasema.

Nikamwambia dada sasa aweke nenosiri jipya,
refu, lisiwe siku ya kuzaliwa, lisiwe jina la mtoto.
Akavuta upindo wa khanga, akafunika mikono yake na herufi zote,
akaanza kuandika kwa vidole viwili, polepole,
neno refu kweli.
Nikageuza uso ukutani.
Pale, kwenye kalenda ya mwaka juzi,
nikahesabu Jumapili.